Panya Hawana Mabawa

Kituo cha Juu,
Mlimani.

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imeacha kuvimba na cherehani inaunguruma kama kawaida yake. Mimi sijambo kabisa. Midomo imepasuka kwa baridi na nguo zangu zote zinanuka moshi, lakini usinihurumie kwa hayo, maana leo nakuandikia nikiwa na furaha ambayo nikiendelea kuibana itanipasua kifua. Nisalimie wote wa chumba cha ushonaji, hasa yule fundi wa vifungo aliyeapa mbele ya watu kwamba sitamaliza hata mwezi huku. Mwambie bado nipo, tena nimenenepa.

Barua yako niliipata kwa mkono wa wapagazi, imelowa pembe moja tu. Umeniuliza kwa nini sijibu. Umesema umesikia kituo changu kinafungwa, na kwamba kiti changu kando ya dirisha bado hakijakaliwa na mtu. Shangazi, sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Ningekuambia nini, nami mwenyewe sijui kama narudi au nabaki? Sasa jibu ninalo. Lakini nakujua, hupendi kuonjeshwa mwisho kabla ya mwanzo, kwa hiyo kaa vizuri, vaa miwani, na umwambie mteja asubiri.

Kwanza nikueleze mahali penyewe, maana nilipoondoka nilijitia kujua na kumbe sikujua lolote. Kituo ni nyumba ya mawe yenye paa la bati, imejengwa pale miti inapoishia na mawe matupu kuanza. Ina chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya mbao vya juu na chini, jiko, na stoo ambayo haizidi sana meza yako ya kukatia vitambaa. Watu wanafika alasiri wakiwa hoi, wanalala, na kesho yake wanaelekea kileleni. Duka hakuna. Ulichokibeba ndicho utakachokula, na kikiliwa na mwingine, safari imekwisha. Mtu anaweza kujiandaa mwaka mzima, akafanya mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi mpaka majirani wakamwona chizi, halafu kipanya kimoja kikamrudisha nyumbani kabla hajakiona kilele.

Hayo yalikuwa yametokea mara kadhaa kabla yangu, na ofisi inayosimamia njia za mlima ilikuwa imechoka na malalamiko. Waliponipa kazi waliniambia bila kumung'unya maneno kwamba ni msimu mmoja tu wa majaribio. Mwisho wa msimu atakuja mkaguzi. Akikuta wanyama bado wanakula chakula cha wageni, kituo kitapigwa kufuli, watu wote watalala kituo cha chini, na mimi nitashuka na sanduku langu. Kwa wapagazi hiyo ilikuwa na maana ya kutembea njia maradufu wakiwa na mizigo. Kwa wageni wasio na nguvu nyingi, kilele ndiyo basi tena. Kwangu mimi, Shangazi, ilikuwa na maana ya kurudi mtaani nikiwa yuleyule waliyemcheka, aliyeacha kazi ya kukaa dirishani akaenda kushindwa na panya. Sikutaka. Nasema wazi, sikutaka hata kidogo.

Sasa uwajue maadui. Panya wa huku ni wadogo, wana masikio makubwa na haya hawana. Wanakula unga na mchele, hilo tunalielewa, lakini wanakula pia mshumaa, sabuni, na kamba za viatu zilizoingia jasho. Kima nao hukaa ukingoni mwa msitu wakingoja mlango uachwe wazi. Na kuna kunguru mmoja mwenye shingo nyeupe, huyo nakuambia angepelekwa shule angekuwa hakimu. Anajua zipu. Anatua juu ya begi, anatazama kushoto na kulia, anaishika zipu kwa mdomo na kuivuta taratibu kama mtu anayefungua mkoba wake mwenyewe. Siku yangu ya kwanza alinifungulia begi nikimwangalia, akala biskuti zangu, akaniachia karatasi.

Aliyenipokea ni mkuu wa wapagazi. Wanamwita Kamba, kwa kuwa ni mwembamba, mrefu, na akikushika kwa maneno hakuachii. Aliniletea mitego na kifuko cha sumu alivyoachiwa na mtunza kituo aliyenitangulia. Nikavikataa. Nilimwambia kuwa sumu na unga kukaa chumba kimoja ni kichaa, na kwamba mtego unamkamata mmoja huku ndugu zake wakiendelea kula. Kamba aliona nina hoja. Tena alikwenda kuwaambia wenzake kwamba safari hii wameletewa mama mwenye huruma, hataki hata kiumbe afe. Mimi nikaendelea kufagia.

Lakini vita vyangu vya kwanza havikuwa na panya, vilikuwa na watu. Kando ya mlango palikuwa na rafu pana ya mbao, wanaiita Fungu la Anayekuja. Kila kundi linaloshuka kutoka kileleni lilikuwa linaacha pale chakula kilichobaki, sukari kidogo, nusu pakiti ya mchele, maziwa ya unga, kwa ajili ya mtu wasiyemjua atakayefika ameishiwa. Ni desturi nzuri, Shangazi, ungeipenda. Ila panya walikuja pale kama watu walioalikwa, na wakishamaliza cha rafuni wanapanda vitandani kupekua mifuko ya waliolala. Nikaona ile rafu ndiyo inayowaita. Basi siku moja wapagazi wakiwa juu nikachukua nyundo, nikaing'oa, nikaipasua kuni.

Afadhali ningepasua mlango. Kamba aliporudi na kuona ukuta mtupu, hakupiga kelele. Alisimama, akavua kofia, akaniuliza kama kwetu tulilelewa kwa kufungiwa kabati. Kisha akanisimulia kwamba aliwahi kushuka kutoka kileleni katika theluji akiwa amembeba mgeni mgonjwa, siku ambayo kituo hakikuwa na mtunzaji wala moto, na kilichowaweka hai ni sukari na biskuti alizozikuta kwenye rafu ile, zilizoachwa na watu ambao hatawajua kamwe. Akasema mimi nimewanyima wanaokuja. Iliniuma sana. Unajua ulivyonilea, kwako hapakuwa na mtu aliyepita mlangoni saa ya chakula akaachwa aende zake. Lakini nilijitia jeuri, nikamjibu kwamba hao wanaokuja watalala wapi kituo kikifungwa. Tukanuniana. Akawa ananisalimia kwa kidevu tu.

Halafu mambo yakaharibika zaidi. Nilidhani rafu ikiondoka panya watahama. Badala yake wakawa wanatokea pembe zote, hata kule ambako hawakuwahi kuonekana. Nilifagia mpaka ufagio ukabaki kijiti, nikaziba matundu kwa mawe na waya, wapi! Mpaka siku moja nikitafuta kuni nikaokota birika bovu lililotupwa nyuma ya rundo, na ndani yake nikakuta sukari imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Nikashtuka, nikaanza kupekua nyumba nzima. Juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, mchele. Chini ya godoro, biskuti. Ndani ya buti lililoachwa pembeni, maharage. Nyuma ya picha ya mlima iliyotundikwa ukutani, mkate mkavu. Kumbe wapagazi na wageni, kwa kuniona mimi mchoyo, walikuwa wakiendelea kumwachia anayekuja, ila sasa kwa kujificha, kila mmoja mahali pake. Na huyo anayekuja hakuna aliyemwambia pa kutafuta. Panya hawakuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeondoa meza moja, nikawatandikia nyumba nzima.

Nilikaa sakafuni katikati ya vile vifurushi, nikacheka mpaka nikalia. Nilikuwa nimejaribu kupigana na wema wa watu, na wema wa watu wa mlimani una kichwa kigumu kuliko panya. Nikavikusanya vyote, nikamngoja Kamba, nikamwonyesha. Alipoliona buti lenye maharage yaliyogugunwa aliangalia pembeni, kwa maana buti lilikuwa lake. Nikamwambia sitaki tena kulizuia fungu, nataka tulipandishe juu. Akauliza juu wapi. Nikamwonyesha kenchi, nikamwambia panya hawana mabawa. Akakiri kwamba kweli, mabawa hajayaona.

Basi tukaingia kazini, na tulishindwa mara nyingi. Kwanza tulining'iniza mifuko kwa kamba kutoka kwenye kenchi. Panya wakashuka kwenye kamba ile kwa maringo kabisa. Mpagazi mmoja akashauri tuipake kamba mafuta ya kupikia ili wateleze. Tukaipaka. Wakayalamba yote, kulipokucha kamba ilikuwa safi kuliko ilivyotoka dukani. Tukaacha kamba, tukachukua waya mwembamba. Wazito wakashindwa, lakini wepesi wakaendelea kupita. Ndipo Kamba akakata sahani pana kutoka kwenye bati la debe kuukuu, akaitoboa katikati, tukaipitisha kwenye waya kati ya kenchi na mfuko. Tuliikaza isicheze. Panya akashuka, akatua juu ya sahani, akapumzika, akajisafisha masharubu, kisha akarukia mfuko. Tulikuwa tumemjengea kituo chake! Kumbe dawa ilikuwa kuiacha ilegee. Tulipoifungua ikawa inacheza juu ya fundo dogo la waya, panya akiikanyaga tu inainama upande wake na kummwaga sakafuni. Kesho yake hakuna mfuko hata mmoja uliotobolewa. Kamba alipiga kofi ukutani, akanishika mkono kwa nguvu, na kununiana kwetu kukaishia hapo.

Fungu la Anayekuja tukalitia ndani ya debe lenye mfuniko wa kukaza, likatundikwa mahali pake pa zamani kando ya mlango, na sahani yake juu. Kila mgeni akapata kulabu yake. Mlango wa nje tukauwekea makomeo mawili, moja juu na moja chini, kwa kuwa kima anajua kufungua moja lakini subira ya kufungua la pili hana. Kuhusu kunguru, hapo ulinisaidia wewe bila kujua. Nilikumbuka vile vifungo vikubwa vya makoti ulivyonifundisha kushona, vyenye tundu la kubana. Nikashona vifuniko vya turubai vya kuvisha mabegi, nikavitia vifungo hivyo. Kunguru alihangaika na kifungo mpaka nikataka kumsaidia. Akakaa juu ya begi akinitazama kwa lawama, kisha akahamia kituo cha chini, na nasikia huko wanalia.

Mkaguzi alifika mwisho wa msimu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha nyumba na mwendo wa kuwaacha vijana. Si mtu mbaya. Aliniambia tangu mlangoni kwamba hapendi kufunga vituo, kwamba katika ujana wake amelala humu mwenyewe, ila ana kufuli ndani ya begi na asingependa nijipe matumaini ya bure. Mchana uleule ukungu ukashuka, ikafuata mvua ya mawe iliyopiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Katikati ya mvua hiyo mlango ukasukumwa, wakaingia watu waliotoka kileleni, wamelowa chapachapa, midomo imekuwa ya kijivu. Mfuko wao wa chakula ulikuwa umemponyoka mpagazi pale njia inapobana, ukaenda korongoni na kila kitu. Hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake. Waliokuwa ndani walikuwa na chakula cha kuwatosha wao tu, na hakuna ambaye angeweza kushuka katika hali ile.

Mkaguzi akanitazama. Nikapanda kwenye kigoda, nikalishusha debe. Tangu tulipolitundika, Shangazi, tulikuwa tunatia tu, hatukuwahi kutoa, na sikujua ndani kuna chakula au kuna vumbi la chakula. Nikabandua mfuniko. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni! Mchele, maharage, sukari, maziwa ya unga, majani ya chai, supu za pakiti, hata chokoleti, na hakuna pembe ya karatasi iliyoguswa na jino. Kamba alipiga mluzi. Nikabandika sufuria kubwa kuliko zote. Wale watu walikula kimya, kisha wakaanza kuongea, kisha wakaanza kutaniana, na mtu akianza kutania ujue amepona. Mpagazi aliyepoteza mfuko alikuwa amejikunyata pembeni kwa aibu, hataki kula. Kamba akampelekea sahani, akamwambia ale bila kumwangalia mtu, kwa sababu kile si chakula cha yeyote mle ndani, ni cha anayekuja, na aliyekuja ni yeye.

Walikaa mpaka hali ya hewa ilipotulia, wakashuka kwa miguu yao wenyewe. Muda huo wote mkaguzi alikuwa akikagua. Alilala kifudifudi akimulika chini ya vitanda, akapanda kwenye kenchi, akatia mkono kwenye unga akaunusa, akazigusa sahani za bati kwa kidole, zikainama, akacheka. Mimi nilijifanya nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Mwisho akaja jikoni, akatoa kufuli begini, akaliweka mezani mbele yangu. Akasema amelibeba mlima mzima bure na hana nia ya kulibeba tena kushuka, nitafute mwenyewe pa kulitumia, kwa sababu kituo hiki hakifungwi. Kamba na wenzake walikuwa wametega sikio nyuma ya mlango. Wakalipuka kwa kelele, wakaanza kugonga masufuria na vifuniko. Nilisahau adabu, nikamkumbatia mkaguzi kwa mikono yenye masizi, na koti lake limeshuka mlimani na alama zangu mgongoni.

Haikuishia hapo. Aliniambia kwamba kuanzia sasa nitakuwa nazunguka vituo vyote vya mlima huu kuwafundisha wenzangu habari ya sahani, debe na vifungo. Vifuniko vya mabegi vitahitajika vingi mno, nami nikamwambia namjua fundi mmoja tu duniani wa kazi hiyo, kwa hiyo jiandae, watakutafuta. Kisha akasema mbele ya wote kwamba kilichomgusa zaidi si werevu wangu, ni huruma yangu, kwamba nimelinda chakula bila kuua hata panya mmoja. Na akasifu desturi yetu, ambayo sijakutajia, ya kubisha hodi kabla ya kuingia stoo, akasema ataagiza ifuatwe mlima mzima, kwa kuwa inaonyesha heshima kwa chakula.

Sasa Shangazi, kuanzia hapa barua ni ya mimi na wewe tu. Kama unawasomea wasichana kwa sauti, ishia hapo.

Hiyo huruma sina. Nawaogopa panya. Nawaogopa leo kama nilivyowaogopa utotoni, nilipokuwa narukia meza yako ya kukatia na kukanyaga nguo za watu. Sumu niliikataa kwa sababu panya akifa lazima mtu amwokote, na mtu huyo angekuwa mimi. Mtego vilevile. Nilitaka njia ya kumwacha panya akiwa hai, mzima, na mbali nami, na ndiyo maana sikuchoka kuhangaika na mabati. Na ile hodi ni yangu. Kila asubuhi kabla ya kuingia stoo nilikuwa nakohoa, nagonga mlango, nangoja, ili aliyemo apate nafasi ya kuondoka tusikutane macho. Wapagazi waliponiona wakadhani ndiyo taratibu niliyokuja nayo, nao wakaanza kugonga. Wageni wakaiga. Sasa watu wazima na ndevu zao wanaubishia hodi mfuko wa unga. Nilitaka kumwambia mkaguzi ukweli, nikamwona alivyoguswa, nikamwacha na imani yake.

Nakuambia wewe kwa sababu najua utacheka, na kwa sababu kuna lingine lisilochekesha. Nilipoomba kazi hii nilijua kuna panya. Waliniambia waziwazi. Sikuondoka kwako kwa kuichoka cherehani, na wewe sijawahi kukuchoka hata siku moja. Nilichoka kukaa dirishani nikiogopa kila kitu, panya, mbwa wa jirani, mteja mkali, na wewe ukisimama mbele yangu kila mara na kunisemea. Ungeendelea kunisemea mpaka siku ya mwisho wako, nami ningekuacha uendelee. Nilitaka kujua kama naweza kusimama bila mtu mbele yangu. Nilidhani huku woga utaisha. Haukuisha, Shangazi, haujapungua hata chembe. Kila asubuhi ya msimu huu nimefika kwenye mlango wa ile stoo magoti yakigongana, na kila asubuhi nimeingia. Kwa hiyo kile kiti cha dirishani mpe mwingine. Mimi sitakihitaji tena.

Nisalimie majirani wote wa pande zote mbili, na yule muuza mkaa anayekuletea mpaka mlangoni. Funga shingo yako vizuri wakati wa baridi, na usishone taa ikiwa hafifu. Kamba anakusalimia sana; hajui nimeandika nini, ila ameniambia niandike kwamba uliyemlea amelelewa. Nakukumbatia kwa mikono miwili, nimenawa masizi yote.

Ni mimi mwanao uliyenilea,
Mtunza Kituo cha Juu.